Nilimdhamini mkopo, siri yangu ikatobolewa: sasa sala zinanikwama kooni

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Ifakara mkoani Morogoro. Naomba usitaje jina langu. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, maana kila nikifika kwenye jina la rafiki yangu mkono unakataa. Nitamwita somo. Ndivyo tulivyoitana miaka 14 yote, kwa kuwa jina letu la ubatizo ni moja.

Tulikutana kwaya, wote tukiimba sauti ya pili. Mimi nilikuwa mgeni, nimemfuata mume kutoka Songea, sina ndugu hapa. Nilipojifungua, somo ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji. Nyumbani kwake sikubisha hodi kwa kusubiri kujibiwa; nilibisha huku naingia.

Binti yangu wa mwisho alipokuwa na miezi minane alishikwa na degedege usiku. Mume alikuwa safari. Bibi mmoja jirani akaniambia degedege si la hospitali, akichomwa sindano atakufa. Nilichanganyikiwa, nikampeleka kwa mganga. Wakamfukiza, wakamchanja chale, mtoto akazidi kulegea. Somo alisikia akanifuata kulekule, akanipokonya mtoto, akamfunga mgongoni kwa khanga yake, tukakimbia hospitali. Wakasema ni malaria kali, damu imekwisha. Akaongezewa damu, akapona. Baadaye niliungama kwa padre, na somo akaniapia kwamba neno lile litabaki kati yetu wawili na Mungu. Tulipombatiza mtoto, yeye ndiye akawa mama wa ubatizo.

Mwishoni mwa 2023 somo alikopa shilingi 3,000,000 kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akodi shamba la mpunga na kulipia trekta. Wadhamini tulikuwa wawili, ila mwenzangu alikuwa na hisa chache sana. Somo alirejesha 600,000, akasimama. Alisema mpunga umezama kwenye mafuriko ya 2024. Ni kweli maji yaliingia mashamba mengi mwaka ule, sibishi. Lakini mwezi wa nane mumewe akaonekana na bodaboda mpya. Siku ya mgao, Desemba, kikundi kikakata 1,750,000 kwenye hisa zangu, na 650,000 iliyobaki nikailipa kwa kuuza cherehani. Ile ilikuwa fedha ya bati. Hadi leo tunalala chini ya nyasi.

Nilimpigia simu mara nyingi, hapokei. Kwaresima ilipoingia, baada ya sala za jumuiya, nilimwuliza mbele ya akina mama. Aliinama, hakujibu kitu, akaondoka. Wiki haijaisha nikaanza kusikia kwamba mimi ni mtu wa waganga, na mwanangu ni wa kuchanjiwa. Hakuna mwingine aliyejua jambo lile. Binti yangu anasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Siku moja alirudi analia, wenzake wamemtaka afunue mgongo awaonyeshe chale.

Jumapili ya Matawi yaliposomwa Mateso, walipofika pale Yuda anapombusu Bwana, nilitoka nje. Tangu siku ile sijaimba. Sare ya kwaya nimeikunja nikaiweka chini ya godoro. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye ni shemeji yake, aliniambia, “Samehe saba mara sabini, mama, usituaibishe.” Nikaenda kwenye Biblia nitafute nguvu, nikakutana na Mathayo 6:12. Kanisani mdomo umezoea kusema makosa, lakini pale pameandikwa, “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.” Basi ina maana hata fedha nimwachie? Nisipomwachia, nami sisamehewi? Sasa Baba Yetu inanikwama kooni.

Mume wangu anataka twende mahakamani, au tuhamie kigango kingine. Komunyo ni mwezi ujao. Kila usiku binti ananiuliza kama mama yake wa ubatizo atakuja kukaa naye. Wakati mwingine nafikiri Mungu ananilipiza kwa ule usiku wa mganga. Je, mama, mtu asiyeweza kusamehe bado ni Mkristo?

Mama wa watatu, Ifakara

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia jioni, na mara zote mbili nilisimama mahali pamoja: watoto wa mafundisho wakimtaka binti yako afunue mgongo. Kupoteza fedha kunauma. Siri ikitembea mtaani inauma zaidi. Lakini hapo kwa mtoto, nadhani ndipo kisu kilipogusa mfupa, na sishangai sala kukukwama.

Kama nimekuelewa, uliumizwa mara mbili, na mambo hayo mawili yamesokotana hadi huwezi kulia moja bila kulia jingine. Kuna deni ulilolipa kwa hisa zako na cherehani yako. Na kuna siri. Juu ya yote hayo umewekewa la tatu, nalo ni amri ya kusamehe upesi, kimya kimya, ili watu wengine wasione aibu.

Nianze na hofu uliyoitaja kwa mstari mmoja mwishoni, kwamba Mungu anakulipiza. Uliungama, mwanangu. Uliondolewa. Mungu hana daftari la pili la madeni analolificha mvunguni ili alitoe miaka tisa baadaye. Kwenda kwa mganga ni kosa mbele ya Kanisa, na wewe mwenyewe ulilijua, ndiyo maana ulikwenda kitubio. Lakini hebu utazame usiku ule kwa macho ya msomaji wako. Wewe waukumbuka kama usiku wa mganga. Mimi nilimwona mama wa miaka 29, mume hayupo, mtoto anakakamaa mikononi, na sauti pekee iliyopo inamwambia sindano itaua. Uliogopa, ukashika kilichokuwa karibu. Halafu nikaona mtoto akiokolewa.

Na aliyemwokoa ni somo. Nadhani ndiyo sababu jambo hili halimezeki. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ungeshamalizana naye moyoni.

Fungua Zaburi ya 55, usome polepole, peke yako, kwa sauti. “Kwa maana aliyetukana si adui; kama ndivyo, ningevumilia.” Kisha: “Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana. Tulipeana shauri tamu, na kutembea nyumbani mwa Mungu pamoja na mkutano.” Unasikia? Huyu naye alisalitiwa na mtu aliyekuwa akienda naye kanisani. Wasomaji wengi tangu zamani wameihusisha zaburi hii na Daudi alipogeukwa na Ahithofeli, mshauri wake, aliyejiunga na Absalomu. Ndani yake kuna hasira, kuna kutamani kuruka kama njiwa kwenda nyikani, kuna hata laana ambayo wewe usingethubutu kuitamka mbele ya padre. Kanisa halikuifuta katika Biblia. Zaburi limeiacha iwe sala.

Mstari wa 22 ndio watu wanaoupenda: “Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza.” Wewe umebeba ndoo, unajua kutwika kulivyo. Huwezi kumtwika mtu ndoo ambayo wewe mwenyewe hujaikamata kwa mikono miwili ukaupima uzito wake. Zaburi ile inaupima uzito kwa mistari 21 kabla ya kufika kwenye kutwika. Aliyekuambia usamehe usituaibishe alitaka uanzie mstari wa 22. Nawe ukajaribu, ukashindwa, ukadhani imani imekufa. Mimi sioni imani iliyokufa hapa. Mtu asiye na imani hakwamwi na Baba Yetu. Huitamka tu hadi Amina.

Sasa hilo neno deni. Hukukosea kusoma. Ukienda Luka 11:4 utakuta, “tunamsamehe kila tumwiaye,” na kumwia mtu ni kumdai. Bwana mwenyewe alichagua mfano wa deni. Lakini mfano huo unasema jambo ambalo mwenyekiti wako amelipita: deni husamehewa likiwa limehesabiwa. Mtu huwezi kumsamehe shilingi ambazo nyote wawili mnajifanya hazipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inasema wazi kwamba si katika uwezo wetu kutosikia tena maumivu ya kosa wala kulisahau. Tunachoweza ni kuutoa moyo huo kwa Roho Mtakatifu, naye ageuze jeraha kuwa huruma. Kuugeuza moyo ni kazi yake. Hukuambiwa uifanye kwa wiki sita za Kwaresima.

Namba 2477 ya kitabu hichohicho inataja kosa la kufunua makosa ya mtu kwa wasioyajua pasipo sababu ya haki, hata kama yanayosemwa ni kweli. Na namba 2487 inasema aliyeharibu jina la mwenzake anapaswa kulitengeneza. Kwa hiyo unapotaka jina lako na la mwanao lisafishwe, huombi kisasi. Kusamehe ni jambo moja, kurudishiwa haki ni jingine, na kumwamini tena mtu ni la tatu, ambalo huja mwisho na wakati mwingine haliji. Waweza kumsamehe somo kwa moyo mweupe na usimdhamini tena maisha yako yote.

Niruhusu sasa nikuulize mambo mawili matatu. Siulizi ili kumtetea, simjui.

Umeandika kwamba hakuna mwingine aliyejua. Lakini bibi jirani alijua, maana ndiye aliyekutuma. Mganga alijua, na watu wa nyumbani kwake. Hospitali waliziona chale mbichi. Je, uliisikia kwa masikio yako kutoka kinywani mwa somo, au umeunganisha kwa sababu ya wiki ile? Huenda ni yeye, wakati wenyewe unamshuhudia vibaya. Lakini unajua, au unadhani?

Na ile bodaboda, je, ni yao? Wengi huendesha kwa mkataba: pikipiki ni ya tajiri, dereva anapeleka hesabu kila siku, na inakuwa yake baada ya muda mrefu. Mume aliyepoteza shamba kwenye maji anaweza kuingia mkataba kwa sababu hana kitu. Pia anaweza kuwa ameila fedha yako. Kutoka barabarani huwezi kujua.

La mwisho nalisema kwa upole. Kuna sentensi uliyoipita haraka, kwamba ulimwuliza mbele ya akina mama, akainama. Ulikuwa umepiga simu ukachoka, umeuza cherehani, nakuelewa kabisa. Hata hivyo kile kichwa kilichoinama nimekifikiria sana. Huyu ni mwanamke aliyewahi kukimbia usiku na mwanao mgongoni. Akavuliwa nguo mbele ya wenzake, na kama ndiye aliyetoboa siri, pengine naye aliona anakuvua kama alivyovuliwa. Hilo halimpi haki, kwa sababu yeye alimvua na mtoto. Nasema tu kwamba kwenye Mathayo 18, kabla ya kufika mstari wa 22 wa saba mara sabini, kuna mstari wa 15: “Enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu.” Hatua hiyo hamjaipata bado, si kwa kosa lako peke yako.

Siku ile ya Matawi ulitoka nje kwenye busu la Yuda. Ungekaa kidogo ungemsikia na Petro. Walioanguka usiku ule walikuwa wawili. Mmoja alitoka akalia kwa uchungu, na baadaye Bwana alimkuta ziwani, akamlisha samaki kwanza, ndipo akamwuliza mara tatu lile alilolikana mara tatu. Alimwuliza. Hakujifanya kwamba halikutokea. Somo wako ni yupi kati ya wale wawili? Mimi sijui, na sidhani kama wewe unajua tayari.

Njia zilizo mbele yako nimezifikiria hivi. Kumwendea peke yako kuna hatari ya kukataliwa tena mlangoni, na jeraha likafunguka. Ukienda, usiende na mambo yote mawili kwa pamoja. La mtoto laweza kutangulia, maana hapo fedha haiingii, na jinsi atakavyolipokea utajua kama kuna mtu wa kuzungumza naye. Ukiona hapaendeki, Mathayo 18 inaruhusu kuchukua mmoja au wawili. Katika hilo shemeji yake hafai, hata akiwa mwema kiasi gani. Nenda kwa paroko mwenyewe, au katekista unayemwamini, na mume wako awepo.

Kuhusu mahakama, najua kuna watakaokunukulia 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowalaumu ndugu wanaoshtakiana. Wakikunukulia, waambie waendelee hadi mstari wa tano, anapouliza kama kati yao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua maneno ya ndugu zake. Lawama yake inaligusa na kanisa lisilowasikiliza watu wake. Wakikusikiliza, vema. Wakikufukuza na aya, sioni dhambi ya mwanamke kutafuta haki ya bati za watoto wake. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai aliyemdhamini, na madai ya namna hii husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya huko kuna afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye kazi yake inamkutanisha sana na vikundi vyenu na huweza kusuluhisha. Iwe njia gani, mwombe katibu wa VICOBA nakala ya ukurasa wa mkopo wenye sahihi na maandishi ya makato ya Desemba. Usisubiri ugomvi ukue ndipo uyatafute. Hatari ya mahakama unaijua: unaweza kushinda shauri, ukakuta hakuna cha kukamata, na urafiki umezikwa rasmi. Daudi, aliposikia Ahithofeli amemgeuka, aliomba shauri lake ligeuzwe upumbavu, na palepale akamtuma Hushai mjini kwenda kulitangua. Alisali na akachukua hatua siku ileile.

Waweza pia kumwachia fedha. Wapo waliofanya hivyo wakapumua. Lakini jiulize unaiacha kwa sababu moyo umefunguka, au kwa sababu umechoka kutazamwa. Na hiyo si fedha yako peke yako. Mume wako analala chini ya nyasi zilezile. Hasira yake anayoiita mahakama isikilizwe, naye asikie kwamba umeisikiliza. Kuhusu kuhama kigango, siwezi kusema ni kukimbia. Kuna watu waliopona kwa kusali mahali pasipo na macho ya wanaowajua. Ila Ifakara si kubwa kiasi hicho, na umbea hauhitaji nauli. Fikiria pia kwamba binti angehama mwezi mmoja kabla ya Komunyo.

Kuhusu yeye, sitakuambia umwalike somo au usimwalike. Ungependa kuona nini macho yako yakifunguka asubuhi ile? Ukiona huwezi, mtu mwingine anaweza kukaa na mtoto, na ubatizo wake haupungui chochote. Ukiona unaweza, si lazima iwe dalili kwamba yote yamekwisha kati yenu. Laweza kuwa benchi moja, kwa saa mbili, kwa ajili ya mtoto.

Ila kuna jambo moja moyo wangu unanisukuma kulisema wazi. Mwambie binti kuhusu chale zake wewe mwenyewe, kabla watoto wengine hawajamaliza kumsimulia. Kwa maneno ya mtoto wa miaka tisa: kwamba aliumwa sana, mama aliogopa akakosea njia, na usiku uleule kuna mtu alimbeba mgongoni akakimbia naye hadi hospitali. Ukifika hapo utalazimika kumtaja aliyembeba. Sijui sauti yako itakuwaje. Pengine ndipo utakapojua jeraha lako limefika wapi, kuliko kwenye Baba Yetu.

Baba Yetu isipopita, ishie pale inapokwama, ukae kimya. Anajua iliyobaki. Usiku mwingine rudi Zaburi ya 55 uanzie mstari wa kwanza. Na sare iache chini ya godoro kama bado huwezi kuitazama, ila usimgawie mtu. Ukipata nguvu niandikie tena, uniambie binti alisema nini.